Kilele cha homoni kimepotea: utatuzi wa matatizo ya kupima steroidi kwa fluoresensi na kromatografia ya kimiminika

Anayepima homoni za steroidi kwa kromatografia ya kimiminika (kutenganisha vitu kwa kuvisukuma na kimiminika kupitia bomba lililojazwa chembe, yaani kolamu) na kigunduzi cha fluoresensi (kinachosoma mwanga unaorudishwa na molekuli iliyochochewa kwa mwanga) hukumbana na shaka moja mara kwa mara: homoni haipo, au ipo ila haionekani? Hizo ni hitilafu mbili tofauti, na kila moja ina makao yake kwenye mtambo. Muda mwingi hupotea watu wakifungua pampu ilhali tatizo liko kwenye chupa ya sampuli, au wakibadilisha kolamu ilhali molekuli yenyewe haina uwezo wa kung'aa. Ndiyo maana hapa tunaanza na molekuli, tunakwenda kwenye mwanga, na mabomba yanakuja baadaye. Kila nitakaposema "kibebaji", ni ule mchanganyiko wa maji na asetonitraili au methanoli unaosukumwa na pampu kupita ndani ya kolamu. "Kilele" ni mwinuko unaochorwa homoni inapopita kwenye kigunduzi, "mstari wa msingi" ni ule unaochorwa pasipo na homoni, "kiwango" ni myeyusho wenye kiasi cha homoni kinachojulikana, na "safari" ni upimaji mmoja tangu kuingiza sampuli hadi mwisho.

Hakuna kilele kabisa

Kabla ya kugusa kitu chochote, angalia muundo wa homoni unayoitafuta. Estradioli, estrioli na ethinili estradioli zina pete ya fenoli, na fenoli ndiyo inayong'aa: ichochee kwa mwanga wa nanomita 280 nayo itarudisha mwanga wa karibu nanomita 310. Testosteroni, projesteroni na kortisoli hazina pete hiyo. Badala yake zina ketoni kwenye kaboni ya 3 na kiunganishi maradufu kati ya kaboni ya 4 na ya 5. Muundo huo hufyonza vizuri mwanga wa karibu nanomita 240, lakini haurudishi chochote cha maana. Ukiziingiza zilivyo kwenye kigunduzi cha fluoresensi utapata mstari mnyoofu, na mstari huo unasema kweli. Zipime kwa kigunduzi cha urujuanimno, au ziunganishe na kemikali inayong'aa kama nitakavyoeleza chini.

Estroni inawachanganya wengi. Ina pete ya fenoli kama estradioli, kwa hiyo watu hutegemea kilele cha ukubwa uleule, wakapata kidogo mno, kisha wakailaumu sindano. Sababu ni ketoni iliyo kwenye kaboni ya 17: inanyonya nishati ambayo fenoli ingeitoa kama mwanga. Estroni itabaki hafifu hata mtambo ukiwa mzima. Wapo wanaoigeuza kuwa estradioli kwa sodiamu borohidridi kabla ya kupima. Njia hiyo inafanya kazi, lakini ugawe sampuli mara mbili, sehemu moja igeuzwe na nyingine iachwe, la sivyo hutajua estradioli ipi ilikuwepo tangu mwanzo na ipi umeitengeneza.

Ikiwa homoni yako inang'aa na bado hakuna kilele, tenganisha kolamu na kigunduzi. Toa kolamu, weka kiungio mahali pake pamoja na bomba jembamba la kuipa pampu ukinzani, kisha ingiza kiwango kizito, tuseme mikrogramu 10 kwa mililita. Kilele kikitokea sekunde chache baadaye, mwanga uko sawa, na homoni inakwama kwenye kolamu au inatoka baada ya muda uliouwekea kurekodi. Kisipotokea, shida iko kwenye kigunduzi, injekta au kiwango chenyewe. Kama una kigunduzi cha urujuanimno, kiunge kwa mfululizo na ukiweke nanomita 280, nacho kitakwambia kama homoni ilipita. Mpangilio uwe urujuanimno kwanza, fluoresensi mwisho, kwa kuwa seli ya fluoresensi, yaani kichumba cha kioo ambamo kibebaji hupita mbele ya mwanga, haivumilii shinikizo kubwa na ikipasuka gharama yake ni nzito.

Jambo la mwisho hapa ni pH. Fenoli ya estradioli hupoteza protoni kwenye pH ya karibu 10.4, na ikishaipoteza mng'aro wake unaanguka. Silika ya kolamu nyingi za C18 (zenye chembe za silika zilizofunikwa minyororo ya kaboni 18) nayo huanza kuyeyuka pH ikipita 8. Kwa estrojeni zisizoongezewa kitu, hakuna sababu ya kutoka kwenye kibebaji chenye asidi kidogo au kisichoegemea upande wowote.

Kilele kipo, ila kinazidi kupungua

Swali la kwanza: kinapungua kwa viwango vyote sawasawa, au viwango vyepesi ndivyo vinavyoumia zaidi?

Vikipungua kwa uwiano uleule, shuku mwanga. Taa ya zenoni huzeeka, na sehemu ya mwanga inayoisha mapema ni ile ya mawimbi mafupi, ambayo ndiyo unayoitegemea. Kipimo kizuri cha afya ya kigunduzi hakihitaji homoni yoyote: jaza seli maji safi, chochea kwa nanomita 350, soma nanomita 397. Hapo utaona mtawanyiko wa Raman wa maji, yaani mwanga ambao maji huutawanya ukiwa umepoteza sehemu ya nishati yake, na uwiano wa ishara hiyo kwa kelele ndio unaoandikwa kwenye vitabu vya mitambo. Uandike siku taa ikiwa mpya, kisha urudie kila mwezi. Kumbuka tu kwamba kipimo cha 350 kinaweza kuridhisha huku mwanga wa chini ya 250 umeshadhoofika.

Joto pia lina mkono wake. Mng'aro wa fenoli hupungua kwa takriban asilimia 1 hadi 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka. Chumba kikipata joto la nyuzi tano mchana, umepoteza hadi asilimia kumi bila kugusa chochote, kisha jioni namba zinarudi na unabaki unajiuliza. Weka kolamu kwenye oveni yake, na kama seli ya kigunduzi ina kidhibiti joto, kitumie.

Oksijeni iliyoyeyuka kwenye kibebaji huzima mng'aro. Kifaa cha kuondoa gesi kikifa, kwanza ishara hupungua, kisha mstari wa msingi huanza kutangatanga, na mwisho viputo huonekana kama miiba mirefu. Ukiona dalili hizo tatu kwa mfuatano huo, nenda moja kwa moja kwenye kifaa hicho.

Viwango vyepesi vikipotea zaidi kuliko vizito, sababu ni nyingine kabisa: homoni inanata kwenye kuta. Steroidi haipendi maji. Ukiiacha kwenye maji matupu ndani ya chupa ya plastiki, kwa ukolezi wa nanogramu kwa mililita, sehemu yake huhamia ukutani. Kalibresheni, yaani mchoro unaolinganisha ishara na kiasi cha homoni kwenye viwango, hupinda sehemu ya chini huku juu ikiwa nyoofu. Tumia chupa za kioo, ikiwezekana kioo kilichotibiwa kwa silani, na usiandae viwango vyepesi bila kuweka walau sehemu ya methanoli au asetonitraili. Kalibresheni inayopinda sehemu ya juu ni habari tofauti: huko molekuli zimekuwa nyingi kiasi cha kuzuiliana mwanga, au kikuza mwanga kimefika mwisho wa uwezo wake na kilele kimekatika kichwa. Punguza makali ya sampuli au punguza ukuzaji.

Mstari wa msingi uko juu, au una kelele

Hapa panastahili subira, kwa sababu chanzo kikubwa hakimo kwenye uchafu wala kwenye mtambo. Kimo kwenye maji yenyewe.

Chukua mwanga wa kuchochea wa nanomita 280. Kwa namba za mawimbi hiyo ni takriban 35,700 kwa sentimita. Molekuli ya maji huutawanya mwanga huo na kubaki na sehemu ya nishati inayolingana na mtikisiko wa vifungo vya oksijeni na hidrojeni, takriban 3,400 kwa sentimita. Toa, utabaki na 32,300, ambayo ukiigeuza inakuwa nanomita 310 hivi. Kwa maneno mengine, maji yanapeleka mwanga wa Raman palepale ambapo estradioli inang'aa. Asetonitraili haina nafuu kubwa, kwani vifungo vyake vya kaboni na hidrojeni hupeleka mwanga karibu na nanomita 305. Ndiyo maana kusafisha seli mara kumi hakushushi mstari huo, na ndiyo maana unapobadilisha mchanganyiko wa kibebaji katikati ya safari mstari unapanda au kushuka wenyewe.

Njia ya kutoka ni kusogeza mawimbi. Ukichochea kwa nanomita 230, Raman ya maji inahamia karibu 250, mbali na 310, na estradioli bado hufyonza vizuri mwanga huo. Utahitaji viyeyushi safi sana vya daraja la HPLC (vilivyotengenezwa kwa ajili ya kromatografia hii) na taa isiyochoka. Kama taa yako ni dhaifu huko, chochea kwa 270 ili Raman ishuke karibu 297, au baki na 280 na usome mwanga kwenye 320 au zaidi kidogo, ukubali kupoteza sehemu ya ishara. Binafsi naanza na 230, kisha narudi nyuma kama kelele za taa zimezidi. Usichague kwa kuangalia urefu wa kilele peke yake. Angalia uwiano wa kilele kwa kelele.

Kelele yenye mapigo ya kupanda na kushuka kwa mwendo uleule ni ya pampu. Isimamishe. Mapigo yakikoma papo hapo, safisha vali au zibadilishe, na angalia kama kuna kiputo kwenye kichwa cha pampu. Kelele ikiendelea pampu ikiwa imesimama, ni taa au umeme.

Vilele visivyo na mwenyewe

Pitisha sampuli tupu, yaani kiyeyushi kilichopitia hatua zote za utayarishaji bila homoni. Kisha ingiza kiyeyushi kisichopitia hatua yoyote. Mwisho endesha safari bila kuingiza chochote. Kilele kinachoonekana kwenye ya kwanza tu kinatoka kwenye vyombo na kemikali za utayarishaji. Kinachoonekana kwenye zote tatu kinatoka kwenye kibebaji. Ukishuku maji, acha kolamu itulie kwa muda mara mbili ya kawaida kabla ya kuanza kubadilisha mchanganyiko: kilele kikikua, uchafu ulikuwa unajikusanya kwenye kichwa cha kolamu kutoka kwenye maji.

Kwa upande wa vyombo, mshukiwa wangu wa kwanza ni bisfenoli A. Hutumika kutengenezea plastiki ya polikaboneti na resini za epoksi, ina fenoli mbili, na hung'aa karibu na mawimbi yaleyale ya estradioli. Kwenye kolamu za C18 hutoka jirani na estrojeni, na ukikosa bahati hutoka pamoja nazo. Vyombo vya polikaboneti, mifuniko yenye bitana na hata mitungi ya kuhifadhia maji vyaweza kuitoa. Ingiza kiwango cha bisfenoli A yenyewe ujue inatokea dakika gani kwenye njia yako, uiandike pembeni, kisha hamia kwenye kioo. Etha na tetrahidrofurani nazo mara nyingi huuzwa zikiwa na kizuia kuoza chenye fenoli. Soma lebo kabla ya kuzitumia kwa uvutaji, yaani kuitoa homoni kwenye sampuli kwa kiyeyushi.

Kilele cha homoni yenyewe kwenye sampuli tupu iliyofuata kiwango kizito ni mabaki ya injekta. Kusuuza sindano kwa maji hakusaidii steroidi. Suuza kwa methanoli au asetonitraili ya asilimia 80 na kuendelea, na kama bado kinarudi, kagua muhuri wa rota kwenye injekta.

Matatizo ya homoni zilizounganishwa na kemikali ing'aayo

Dansili kloridi hushika fenoli za estrojeni. Mmenyuko wa kawaida hufanyika kwenye bafa ya kaboneti ya pH 10 hadi 10.5, nyuzi 60 za Selsiasi, kwa dakika chache, na bidhaa yake huchochewa karibu na nanomita 350 na kung'aa kati ya 500 na 540. Huko Raman ya maji iko mbali, kwa hiyo mstari wa msingi hutulia.

Ukipata bidhaa kidogo, pima pH ya bafa kwanza. Kisha jiulize kama kuna kitu kinachokula dansili kabla homoni haijaifikia: bafa ya Tris na chumvi za amonia zina nitrojeni inayoidaka kwa haraka. Halafu tazama dansili yenyewe. Hugeuka kuwa asidi ya dansili ikikutana na unyevu, na asidi hiyo hung'aa pia, ndiyo maana unaona mlima mkubwa mwanzoni mwa safari. Mlima ule ukizidi kukua kila wiki huku kilele cha homoni kikipungua, chupa ya dansili imeingia maji. Iyeyushe kwenye asetoni kavu kiasi cha kutumia siku hiyo tu, na bidhaa uzifiche mbali na mwanga.

Kwa testosteroni, projesteroni na nyingine zenye ketoni, kinachotumika ni dansili hidrazini pamoja na asidi. Hapa kuna dalili inayowapotosha hata wazoefu: homoni moja safi inatoa vilele viwili vilivyokaribiana. Watu huona kolamu imepasuka ndani, wakainunua mpya, na vilele vikabaki viwili. Kiunganishi kipya kati ya kaboni na nitrojeni kinaweza kuelekea upande mmoja au mwingine, kwa hiyo bidhaa ni mbili kweli, na kolamu nzuri inazitenganisha. Hakikisha kwa kuingiza homoni isiyounganishwa kupitia kigunduzi cha urujuanimno: ikitoa kilele kimoja kilichonyooka, kolamu haina kosa. Baada ya hapo jumlisha maeneo ya vilele vyote viwili, au legeza utenganisho ili viungane, ila usipime kimoja na kukiacha kingine, kwani uwiano wao hubadilika kulingana na joto na asidi. Projesteroni ina ketoni mbili, kwa hiyo isikushangaze ikileta vilele vingi zaidi.

Kortisoli inaweza pia kuchochewa kung'aa kwa asidi ya salfuriki kali na ethanoli, njia iliyotumika sana hospitalini tangu miaka ya 1960. Ilijulikana kudanganywa na dawa ya spironolaktoni, ambayo hung'aa kwenye asidi hiyo. Kolamu ikitangulia, udanganyifu huo unaondoka kwa sababu vitu viwili hutoka dakika tofauti. Lakini asidi hiyo inakula mabomba na ngozi, na siipendekezi kwa maabara isiyo na vifaa vinavyoivumilia.

Muda wa kutoka unahama, au kilele kina umbo baya

Haya ni ya kromatografia yoyote, kwa hiyo nayapitia upesi. Muda ukirefuka pole pole tangu asubuhi, asetonitraili inavukiza kutoka kwenye chupa iliyoachwa wazi. Ukirukaruka, ni pampu au uvujaji. Ukiwa mbovu safari za kwanza tu, kolamu haikutulia: kolamu ya milimita 150 kwa 4.6 hubeba takriban mililita 1.5 za kibebaji, nawe pitisha walau mara kumi ya hapo. Kilele kilichotanuka au kugawanyika kwa estrioli, inayotoka mapema, huku zinazochelewa zikiwa safi, maana yake sampuli imeyeyushwa kwenye kiyeyushi kikali kuliko kibebaji. Iyeyushe upya kwenye kibebaji chenyewe. Zikigawanyika zote, chujio la mdomo wa kolamu limeziba.

Viwango vinakubali, seramu na mkojo vinakataa

Hapa fanya jaribio moja linalotenganisha mambo. Chukua seramu isiyo na homoni, igawe mara mbili. Sehemu ya kwanza iongezee homoni kabla ya kuvuta, ya pili iongezee kiasi hichohicho baada ya kuvuta, mwishoni kabisa. Zilinganishe na kiwango safi. Ya pili ikilingana na kiwango lakini ya kwanza ikawa ndogo, homoni inapotea kwenye uvutaji. Zote mbili zikiwa ndogo, kuna kitu kwenye seramu kinachozima mng'aro au kuubana, na kuvuta kwa bidii zaidi kutazidisha tatizo.

Kwenye uvutaji, kumbuka homoni nyingi za seramu hazielei peke yake. Zimeshikwa na albumini na protini maalumu za kubeba homoni. Zigandishe protini kwanza kwa asetonitraili, la sivyo kiyeyushi kitapata sehemu tu. Tirosini na triptofani, na protini zinazozibeba, nazo hung'aa zikichochewa kwa 280; zikibaki zinafanya mlima mwanzoni mwa safari unaoweza kuimeza estrioli.

Mkojo una kikwazo chake. Estrojeni hutoka mwilini zikiwa zimefungwa na asidi ya glukuroni au salfeti, na hazitatokea dakika unayozisubiri mpaka zifunguliwe. Kimeng'enya cha konokono Helix pomatia hufungua aina zote mbili, kwenye pH ya karibu 5. Kile cha bakteria E. coli hufungua glukuronidi tu, kwenye pH ya karibu 6.8, na salfeti zitabaki zimefungwa. Ukitumia kimeng'enya cha pili kwenye bafa ya kile cha kwanza utapata namba ndogo isiyo na maelezo.

Kuhusu kiwango cha ndani, yaani molekuli unayoiongeza kwenye kila sampuli kwa kiasi kinachojulikana ili kulinganisha: wanaotoka kwenye spektrometa ya masi, inayotambua molekuli kwa uzito wake, huja na estradioli yenye dyuteri (hidrojeni nzito). Kigunduzi cha fluoresensi hakioni uzito. Dyuteri hiyo itatoka karibu pamoja na estradioli ya kawaida na kujumlishwa nayo, na matokeo yako yatapanda. Tumia molekuli inayong'aa na kutoka dakika yake yenyewe. Ethinili estradioli hufaa, mradi mwenye sampuli hatumii vidonge vya uzazi wa mpango vilivyo nayo.

Na kuna wakati hakuna hitilafu ya kutatua. Mililita moja ya seramu ya mwanamume mzima ina takriban pikogramu 10 hadi 40 za estradioli. Hata ukiivuta yote na kuiingiza yote, kiasi hicho huzama kwenye kelele za vigunduzi vingi vya fluoresensi bila kuiunganisha homoni na chochote. Kortisoli ya asubuhi, kwa nanogramu 50 hadi 250 kwa mililita, ni zaidi ya mara elfu. Mkojo wa mjamzito wa miezi ya mwisho, wenye miligramu nyingi za estrioli kwa siku, vidonge, na vimiminika vya kukuzia seli ni kazi inayofaa kwa mtambo huu. Estradioli ya mwanamume au ya mwanamke aliyekoma hedhi ipeleke kwenye spektrometa ya masi, na umwambie hivyo aliyekuletea sampuli kabla hajasubiri majibu.

Matokeo yako yanapishana na ya maabara nyingine kwa asilimia tatu

Pishano dogo linalojirudia bila kubadilika halitoki kwenye mwanga wala pampu. Soma lebo ya chupa ya kiwango. Estradioli huuzwa kavu, yenye uzito wa molekuli 272.4, na pia ikiwa na nusu ya molekuli ya maji, yenye uzito wa 281.4. Aliyepima ya pili kwenye mizani na kuihesabu kama ya kwanza amepungukiwa na asilimia 3.2 ya homoni kwenye kila kiwango alichotengeneza, na kila sampuli anayoisoma kwa kalibresheni hiyo itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Rekebisha hesabu kwa kuzidisha uzito uliopima kwa 0.968, kisha chora kalibresheni upya. Sampuli zenyewe hazihitaji kurudiwa.